Nyumba ya Chokaa

Haya, sogea karibu nikutegee. Nina nyumba yangu haina ukuta, haina bati, haina hata tofali moja, lakini ole wako uingie bila kupita mlangoni! Ni nini hiyo?

Fikiri. Usinitazame mimi, jibu haliko usoni kwangu. Hema? Hema lina kuta za turubai, wewe. Kivuli cha mti? Tangu lini kivuli kikawa na mlango? Umeshindwa, basi nipe mji. Ahsante, nimeupokea, wala jina lake sitalitaja, maana huko ndiko anakopelekwa mwanamke wa hadithi hii, na jeshi halipendi watu wenye midomo mirefu. Jibu utalikuta huko mbele, limelala uwanjani mchana kweupe, na ukilikuta utapigwa na butwaa kama alivyopigwa Fundi.

Fundi alikuwa seremala, na mkewe alikuwa Sajenti. Tumezoea mume avae buti, mke afunge virago. Kwenye nyumba hii ilikuwa kinyume, na majirani walikuwa wameshachoka kucheka. Sajenti akihamishwa, Fundi anafungua vitanda. Akihamishwa tena, Fundi anafungua vitanda tena. Samani zote za nyumba ile alizitengeneza kwa mikono yake, kwa kabari na vijiti vya mbao, bila msumari hata mmoja, ili kabati zima livuliwe kama koti na kuvishwa tena kwingine. Na nyumba za kambini zote zilikuwa pacha, ramani moja kila kituo, hata binti yao, waliyemwita Kasuku kwa ajili ya mdomo wake, usiku wa kwanza wa kila kambi mpya alikwenda chooni bila taa na hakugonga kitu.

Sasa, mchana mmoja Sajenti aliingia jikoni na buti zake miguuni, jambo ambalo yeye mwenyewe alilipiga marufuku. Fundi akaziona zile buti juu ya sakafu aliyoipiga deki asubuhi, akajua.

"Wapi safari hii?" aliuliza.

"Mbali."

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Haya. Kesho naanza na kabati."

"Kaa kwanza," alisema Sajenti.

"Nimekaa."

"Umeegemea. Kaa."

Fundi akavuta kigoda, akakaa. Sajenti alivua kofia yake, akaiweka mapajani, akaishika kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeshika sahani ya moto. Mwanamke huyu, ambaye sauti yake ilisimamisha safu nzima ya wanajeshi, sasa alikuwa anatafuta sauti na haioni.

"Mimi natumwa," alisema. "Mtoto tunamchukua, hana pa kusema. Lakini wewe hutumwi na mtu. Unataka kwenda?"

Fundi akacheka kidogo. "Swali gani hilo? Nitakwenda. Kwani nitabaki hapa na nani?"

"Sikukuuliza kama utakwenda. Najua utakwenda. Utafungua vitanda, utapanda lori, na hutasema neno. Nakuuliza kama unataka."

Fundi alifungua mdomo, ukabaki wazi. Katika kambi zote walizopita, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mkewe alikuwa akileta habari, naye anatafuta kamba. Sasa alitazama ndani ya moyo wake kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo, na alichokuta humo kilimtisha. Alikuta karakana yake pale barabarani, nje ya lango la kambi, ambako kwa mara ya kwanza watu walimjua yeye kwa kazi yake, si kama "yule mume wa Sajenti". Alikuta wateja wanaongoja milango. Alikuta uchovu.

Sajenti hakumharakisha. Alimtazama tu, yale macho yake makubwa yametulia, na Fundi akainamisha yake chini.

Mara mlango ukasukumwa. Mama yake Fundi alikaa mtaa wa nyuma ya kambi, na Kasuku alikuwa ameshampelekea habari kabla hata wenyewe hawajamaliza kuambiana.

"Mwanangu si sanduku!" alianza yule mama tangu kizingitini. "Sanduku ndilo linabebwa leo hapa kesho kule, linaandikwa chaki ubavuni. Huyu nilimzaa, ana miguu!"

"Shikamoo, Mama," alisema Sajenti, amekwishasimama.

"Marahaba. Usidhani salamu itanipoza. Amepata kazi yake, amepata jina lake, na mimi nimempata yeye baada ya miaka ya kumsikia kwenye simu. Safari hii abaki. Wewe nenda kalinde nchi, ukimaliza kulinda utamkuta."

"Ndiyo, Mama."

"Usiniitikie kama kamanda wako! Gombana na mimi kidogo nijisikie mtu!"

"Sina la kugombana, Mama," alisema Sajenti polepole. "Nimemuuliza yeye. Namngoja yeye."

Mama akageuka kumtazama mwanawe. Mwanawe alikuwa amesimama, anakitazama kile kigoda kana kwamba kimetengenezwa na mtu mwingine.

Kesho yake alfajiri Sajenti akapanda gari la jeshi kwenda kukiona kituo kipya na kupokea nyumba. Aliagana na Fundi mlangoni, akamwekea sawa kola ya shati, kidole chake kikachelewa kidogo shingoni pake. "Sijakuhimiza," alisema. "Lakini sijasahau kwamba nimeuliza." Akaondoka.

Zile siku za kumngoja zilikuwa ndefu kama uzi wa sweta linalofumuka. Karakanani Fundi alipiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu, akautupa. Chumbani mto wa mkewe ulikuwa na harufu ya sabuni na rangi ya viatu, na yeye, mtu mzima, baba wa mtu, akawa anaulalia huo akauacha wa kwake. Alikumbuka siku walipokutana. Sajenti, wakati huo bado kuruta, alikuja kwenye karakana ambako Fundi alikuwa anajifunza kazi, kabeba sanduku la mbao lililovunjika bawaba. Fundi alimwambia akae. Akasema ahsante, akabaki wima muda wote, kidevu juu, huku vumbi la mbao linamwangukia mabegani kama unga, na hakujipangusa. Fundi akajiambia, huyu akipenda, atapenda hivi hivi, wima. Na ndivyo alivyopenda.

Ila kupendwa wima kuna kazi yake. Hujui kama mwenzio amekuona au anatazama mbele tu.

"Nikitaka, nitasema nataka," alimwambia mama yake, aliyekuja kumletea chakula kana kwamba amefiwa. "Lakini sioni ninachokitaka huko."

"Basi sema hutaki."

"Hilo nalo haliji."

"Ulikuwa hivi hivi kwenye kunyonya," mama yake akaguna. "Ukiachishwa unalia, ukipewa unageuza uso."

Alasiri ya siku aliyotarajiwa kurudi, Sajenti hakuonekana nyumbani. Aliyeonekana ni Kasuku, viatu mkononi, anahema.

"Baba! Njoo! Mama amerudi na anajenga nyumba uwanjani!"

"Nyumba gani uwanjani?"

"Nyumba! Kubwa! Njoo uone, na Bibi aje! Amenikataza kupita ukutani!"

Fundi akatoka na penseli yake sikioni na tepu yake ya kupimia kiunoni, mama yake nyuma anafunga kanga kwa hasira. Walipofika uwanja wa mpira wa kambi, wakamwona. Sajenti alikuwa anatembea kinyumenyume, ameinama, mkononi ana kopo lililotobolewa chini, na kopo linamwaga chokaa ile ya kuchorea mistari ya mpira. Vumbi la safari lilikuwa bado kwenye mikunjo ya sare yake. Nyuma ya kopo, au tuseme mbele, maana alikwenda kinyume, mistari myeupe ilikuwa inalala chini imenyooka kama imepigwa kwa rula: huku pembe, kule pembe, hapa mwanya. Ndivyo wanajeshi wanavyofanya kabla ya kusimamisha kambi ya mahema, huichora kambi yote chini kwanza, ukubwa ule ule. Lakini kambi ni kambi. Hii ilikuwa nyumba ya mtu.

Unaona sasa? Ndiyo ile nyumba niliyokutegea.

Fundi akapiga hatua kumwendea mkewe.

"Simama hapo!" Sajenti alisema bila kuinua kichwa. "Umepita ukutani."

"Niingilie wapi?"

"Mlangoni. Pale kwenye vigingi viwili."

Fundi akarudi nyuma, akazunguka, akafika penye vigingi. Na usicheke, lakini alijikuta anapangusa miguu. Akaingia. Hakuna kilichobadilika, nyasi zile zile, upepo ule ule, hata hivyo alihisi yuko ndani ya kitu, akashusha sauti.

"Karibu," alisema mkewe, akanyanyuka. Chokaa imemganda nyusini, kama bibi kizee mwenye uso wa msichana. Wakatazamana. Fundi akainua mkono ampanguse.

"Afande, samahani," sauti ikaita kutoka pembeni. Alikuwa koplo mmoja, golikipa wa timu ya kambi, mpira kwapani. "Jiko lako liko golini kwetu."

"Na wewe uko chumbani kwangu, Koplo. Na buti."

Koplo akatazama chini, akaona kweli amezungukwa na mistari, akaruka nje kama aliyekanyaga kaa la moto. Kasuku akacheka mpaka akakaa chini, sebuleni.

Fundi akaanza kutembea. Alizijua nyumba za kambi kama anavyojua vidole vyake, na hii haikuwa pacha wa zile. Sebule ilikuwa ndogo. Jiko lilikuwa la ajabu, na pembe ya kuchongoka. Kisha ukapita mlango mwingine, ukaingia mahali palipokuwa parefu na papana kuliko nyumba nyingine yote.

"Hapa umekosea," alisema. "Nyumba ya jeshi haina chumba hiki."

"Pima."

Akapima. Alilaza tepu, akapiga magoti, akasogea, akapima tena. Mistari ilisimama sawa, pembe zilikaa sawa. "Nini hiki? Bwalo?"

"Karakana yako."

Mama yake Fundi, aliyekuwa amesimama nje ya mstari na mikono kifuani, akategesha sikio.

"Walinipa nyumba mpya," Sajenti akasema. "Nzuri, karibu na lango, maji mpaka jikoni, kibaraza. Nikaiona, nikaishukuru, nikaomba nyingine. Mwisho kabisa wa kambi kuna nyumba ya zamani iliyounganishwa na stoo ya matairi. Hakuna aliyetaka kuihamia. Bomba liko nje. Na wanaogopa popo."

"Popo wapo?"

"Wamejaa."

"Kwa hiyo utakuwa unachota maji nje, Sajenti mzima?" mama mkwe akaropoka.

"Nitachota, Mama."

"Mh," alisema mama. Akasogea hatua moja. "Na hicho kijumba ubavuni, chenye mlango wake peke yake?"

"Hicho nimekiacha wazi."

"Wazi kwa nani?"

"Kwa mtu asiyependa kuamrishwa."

"Mh," alisema mama kwa mara nyingine, ila hii ya pili ilikuwa laini zaidi. "Popo mpaka humo?"

Fundi hakuwa anawasikiliza. Ndani ya karakana ile ya chokaa, katikati ya sakafu, kulikuwa na vigingi vifupi vimekitwa kimoja baada ya kingine, bila mstari wowote. Alivitazama, akavizunguka, havikuwa ukuta wala nguzo.

"Na hivi?"

"Jua," alisema Sajenti.

"Jua?"

"Nilishinda humo siku nzima, chumba kitupu. Madirisha yote yako upande mmoja. Asubuhi mwanga ni mwororo tu. Kuanzia mchana jua lenyewe linaingia, na kila liliposogea nikaweka alama sakafuni. Kigingi hiki cha mchana. Hiki cha alasiri. Hiki cha jioni. Kwa hiyo benchi yako nimeiweka hapa," akasimama mahali, akaelekeza mikono kama ameshika randa, "mwanga ukutokee kulia."

Fundi akamgeukia.

"Nani alikwambia kulia?"

"Mkono wako. Unatumia kushoto. Dirisha likiwa kushoto, kivuli cha mkono kinaangukia mstari wa penseli, unapinda shingo kuutafuta. Kambi ya kwanza ulipinda shingo. Ya pili ukapinda shingo. Hata hapo barabarani unapinda, jioni unakuja unajisugua hapa." Akagusa shingo yake mwenyewe. "Nilikuwa naona. Sikusema kwa sababu sikuwa na dirisha la kukupa."

Nikwambie nini? Fundi hakuwahi kumweleza mtu jambo lile. Yeye mwenyewe hakulijua sawasawa, alidhani shingo inauma kwa uzee. Na muda wote huo, yule aliyedhani anatazama mbele tu alikuwa anamtazama yeye. Akamwona mkewe ameketi kutwa kwenye stoo ya matairi, popo juu, peke yake, analifuata jua sakafuni kwa ajili ya mkono mmoja wa mtu mmoja. Machozi yakamlenga. Akayatoroka kwa kutazama juu.

Na alipotazama juu, akaliona jua lenyewe.

"Afande," alisema polepole. "Umepotea."

"Mimi? Sijapotea tangu nizaliwe."

"Jua linashukia kule. Dirisha lako umelielekeza huku. Kwa nyumba hii, jioni itaingilia jikoni."

Sajenti akatazama kule, akatazama huku, akatazama mistari ya uwanja. Uso ukamwiva chini ya chokaa. Alikuta pale mstari mweupe wa pembeni mwa uwanja, umenyooka, na yeye mstari ulionyooka hawezi kuuona bila kujipanga nao. Alikuwa ameiweka nyumba nzima gwarideni, bega kwa bega na goli.

Fundi akaangua kicheko, cha kwanza tangu ile siku ya buti jikoni. "Umeipanga foleni!"

"Nyamaza."

"Nyumba, mguu sawa!"

"Fundi, nyamaza, koplo anasikia." Lakini naye mabega yalikuwa yanatikisika.

"Tuigeuze."

"Nyumba nzima?"

"Wewe unahamisha watu na vitanda vyao, itakushinda nyumba ya unga?"

Basi ikawa kazi. Golikipa alikuwa wa kwanza kuleta fagio, maana kila ukuta uliofutwa ulimrudishia goli lake. Kasuku akafuta kwa miguu na kuimba. Fundi akalisoma jua, akakita kigingi cha pembe, akanyoosha kamba, akatafuta mtu wa kushika ncha ya pili. Mama yake akaishika kabla hajaombwa.

"Nisieleweke vibaya," alisema. "Sijasema nimekubali. Nimeshika kamba."

"Kaza, Mama," alisema Sajenti.

"Nimekaza! Wewe ndiye umelegeza. Na usiniambie 'ndiyo, Mama'."

"Hapana, Mama."

"Afadhali."

Fundi alipima, Sajenti akamwaga chokaa, wakawa wanapishana bila kusemezana kama watu wanaotandika kitanda kimoja kwa miaka. Mara moja mikono yao ilikutana kwenye kamba, na hakuna aliyeutoa wake haraka. Nyumba ikalala upya, pembe zake sasa zimeikata mistari ya mpira bila kuiomba radhi. Sajenti akavirudisha vigingi vya jua mahali pake, kimoja kimoja, kwa vipimo alivyovibeba kichwani.

"Nina wasiwasi na hicho cha jioni," Fundi alisema.

"Hakikisha."

Akaomba nguzo mbili za hema, akazisimamisha penye dirisha, moja ubavu huu na nyingine ule, kama miimo ya fremu. Jua lilikuwa limeshuka, limekuwa jekundu. Vivuli vya zile nguzo vikajinyoosha ndani ya karakana, virefu, vyembamba, vikapita juu ya nyasi zilizokuwa sakafu, vikaenda, vikaenda. Na pale katikati yao, kwenye mwanga, ndani kabisa ya mwanga, kilisimama kigingi cha jioni.

Kasuku mwenyewe, Kasuku yule, alinyamaza. Koplo akavua kofia bila kujua kwa nini. Mama alibaki na ncha ya kamba mkononi, mdomo umeachama, anautazama ule mwanga uliotandikwa chini kama mkeka, wa dirisha ambalo halipo, la nyumba iliyo mbali, na ulikuwa umefika.

Fundi akaingia kwenye mwanga ule. Akasimama mahali pa benchi, akanyoosha mkono wake wa kushoto juu ya ubao usiokuwepo. Kivuli cha mkono kilianguka kushoto, mbali na kazi. Shingo yake ilikuwa wima.

Sajenti alikuwa amesimama kando yake, kidevu juu, mikono ubavuni. Hakuuliza mara ya pili. Ila Fundi aliona kidole chake kimoja kinasugua mshono wa suruali, kinasugua, kinasugua, na akajua kwamba mwanamke huyu aliyepita mabonde na risasi alikuwa anaogopa.

"Ile kambi ya kwanza sikutaka," alimwambia.

"Najua."

"Ya pili sikutaka. Hii ya hapa nilikuja nimenuna, nikajifanya meno yanauma."

"Hilo nalo najua."

Fundi akamshika kile kidole, kikatulia.

"Huko kwenye popo," alisema, "nataka."